Mke wangu nusura afe akijifungua, sasa nashindwa hata kumshika mtoto

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Nakuru.

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, dereva wa kanta. Kwetu ni Vihiga lakini naishi hapa Kaptembwa na mke wangu. Napakia viazi Molo na kushusha soko la Kibuye, Kisumu. Safu yako huisoma kwenye simu nikingoja kupakiwa.

Tumejaliwa mtoto wa kiume, wa kwanza, na sasa ana miezi mitatu. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 33, akiwa na kilo moja na gramu 700. Leo amenenepa, hana ugonjwa wowote. Kila anayekuja kumwona anasema tuna bahati. Mimi peke yangu ndiye ninayemtazama nisione kitu moyoni ila baridi. Pampasi nanunua, pesa za kliniki natoa, kodi ya nyumba sijachelewesha. Kumshika ndiko kunakonishinda.

Nikueleze ilivyokuwa. Mke wangu alikuwa amelalamika kichwa siku mbili. Miguu ilikuwa imevimba, na jioni ile aliniambia anaona vimulimuli machoni. Tulidhani ni uchovu. Usiku wa manane nikashtushwa na kitanda kinatikisika. Nilipowasha taa nilimkuta amekaza meno, macho yamegeuka, povu lenye damu mdomoni kwa sababu alikuwa ameuma ulimi. Jirani alitutoa na gari lake. Tulipofika hospitali, hata kabla hajawekwa kitandani, akashikwa tena. Wakasema ni kifafa cha mimba. Daktari mmoja kijana akanipa fomu ya kutia sahihi ili apelekwe thieta, akaniambia hali ya wote wawili si nzuri.

Nilibaki kwenye korido. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliomba. Nikasema, Mungu, mtoto mchukue ukitaka, huyu mwanamke niachie. Nilirudia maneno hayo sijui mara ngapi. Halafu wote wawili wakapona.

Mtoto aliwekwa nasari. Mama alikuwa anaingia kila baada ya saa tatu kumkamulia maziwa. Mimi niliambiwa akina baba hawaruhusiwi ndani, nikawa namtazama kwenye kioo pamoja na watoto wengine, na ukweli ni kwamba siku nyingine sikujua ni yupi wangu. Walipotoka hospitali mama yangu akaja kutoka nyumbani kutusaidia. Nilipojaribu kumchukua mtoto akaniambia mtoto laini hivyo si wa mikono ya kushika usukani. Nilimrudisha haraka, na nilishukuru.

Tulimpa jina la marehemu baba yangu. Mama humwita "mume wangu" akicheka, mke wangu humwita kwa jina. Mimi namwita "mtoto". Kanisani siku ya shukrani, mchungaji alinipa nimwinue mbele ya watu, nikampokeza mama yangu na kusingizia mkono unauma. Siku hizi naomba safari za usiku ambazo madereva wenzangu wanazikimbia. Nikimtazama yule mtoto namwona mama yake vile alivyokuwa kitandani. Nikilala nyumbani, mke wangu akijigeuza tu naruka kuwasha taa.

Wenzangu wananiambia mtoto mchanga ni wa mama, nitamjua akianza kutembea. Lakini nilimsikia mtu redioni akisema upendo wa mzazi hujengwa saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, na baba asiyekuwepo saa hiyo ameshapitwa. Wiki iliyopita mke wangu ameniuliza kwa upole, "Unaniambia kweli, unashuku huyu si wako?" Nikashindwa kumjibu. Nikachukua funguo nikaenda Molo.

Shangazi, je, nimeshapitwa?

Baba Mtoto, Nakuru

*

Baba Mtoto, mwanangu,

Hujapitwa. Ningeweza kuishia hapo kwa swali lako la mwisho, lakini barua yako ina mambo mazito kuliko hilo la saa ya kwanza la redioni, na zito kuliko yote umelitaja katikati kisha ukalipita mbio. Nataka nianze na ile sala.

Saa ile kwenye korido ulikuwa unamjua mtu mmoja tu kati ya wawili waliokuwa thieta. Ulijua sauti yake, mapishi yake, anavyokasirika. Yule mwingine hukuwa umemwona hata uso. Mwanamume aliyeshikwa na hofu ya namna ile humwombea yule anayemjua. Nimekuwa mkunga miaka mingi huku upande wa Kisumu na Siaya kabla ya kukaa kuandika, na nakuambia kwamba sala yako nimeisikia kwenye korido nyingi, wakati mwingine ikisemwa kwa sauti kubwa na watu wanaoheshimika vijijini mwao. Watoto wao wamekua na wamependwa.

Tena kuna jambo la kitabibu ambalo pengine hakuna aliyepata nafasi ya kukueleza usiku ule. Kifafa cha mimba hutokana na mimba yenyewe, kondo la nyuma likihusika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana presha hupanda, mwili huvimba na hatimaye ubongo hutikisika. Mama hupewa sindano za magnesiamu kuzuia degedege, hupewa dawa ya kushusha presha, lakini tiba inayokata mzizi ni moja: mtoto atoke na kondo litoke. Kwa hiyo wale madaktari hawakuwa na mizani ya kumpima mama upande huu na mtoto upande ule. Kumtoa mtoto ndiko kulikokuwa kumwokoa mama, na kuendelea kumwacha tumboni kungewahatarisha wote wawili. Ile fomu uliyotia sahihi ilikuwa ya kuwaokoa wote kwa upasuaji mmoja. Wewe moyoni ulikuwa unafanya uchaguzi ambao chumbani mule haukuwepo kabisa. Mkono wako ulitia sahihi uhai wa mwanao. Hilo ndilo lililotendeka.

Nadhani ndiyo sababu unamwita "mtoto". Kumwita kwa jina la baba yako, baada ya yale uliyoomba, kunakuwia vigumu. Sijui kama nimekuelewa sawasawa, lakini hivyo ndivyo nilivyoisoma barua.

Sasa hilo la pili. Unaruka kuwasha taa mke akijigeuza. Picha ya usiku ule inarudi bila kuitwa. Unakimbilia barabara ya usiku ili usiwe nyumbani. Huyu si mtu asiyempenda mwanawe. Ni mtu aliyeshtuka na mshtuko haujamtoka. Tumezoea kufikiri kwamba anayeumia uzazini ni mama, na kweli mwili ni wake, lakini katika kifafa cha mimba mara nyingi mama hajui lililompata, na anayeliona lote kwa macho makavu ni mume, mama mzazi au jirani mwenye gari. Mwili wako uliambiwa usiku ule kwamba kuna kifo chumbani, na haujaambiwa bado kwamba kimeondoka. Mtoto umemwunganisha na ile hofu, kwa hiyo ukimwona, hofu inaamka kwanza na mapenzi hayapati nafasi.

Hali hii inatibika, na si aibu kuitibu. Huzuni nzito baada ya kupata mtoto huwapata pia wanaume. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Paulson na Bazemore, walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kukuta kwamba karibu baba 1 kati ya 10 hupitia hali hiyo, na kipindi ambacho wengi zaidi huonekana nayo ni kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Wewe uko papo hapo. Kwa mwanamume haiji na machozi sana. Huja na hasira za ghafla, pombe, kazi isiyoisha, kukaa mbali na nyumba. Hospitali kubwa za kaunti zina kliniki ya afya ya akili. Nenda hapo Nakuru, eleza kama ulivyonieleza mimi, anzia kwenye kitanda kutikisika. Kuna pia laini ya ushauri ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, isiyotozwa pesa. Na kama siku moja utajiona unafikiria kujidhuru, au kumdhuru mtu nyumbani, au ukiwa barabarani ukawaza kwamba ni heri kanta iache njia, usingoje siku ya kliniki. Nenda saa hiyo hiyo. Hizo safari za usiku nazo zipunguze. Barabara ya Mau Summit hadi Kericho haimfai mtu ambaye hajalala vizuri miezi mitatu.

Halafu mkeo.

Mwanangu, swali alilokuuliza si la kuachwa hewani. Mwanamke aliyepasuliwa, aliyenusurika, aliyekuwa akiamka kila saa tatu kukamua maziwa, leo anadhani mumewe anamshuku. Anatafuta sababu ya baridi yako na hajapata nyingine. Kila siku unayonyamaza, sababu hiyo inazidi kuota mizizi. Kabla ya kliniki, kabla ya kumaliza kusoma makala haya kama inawezekana, mwambie kwamba hushuku chochote.

Kisha keti naye umsimulie usiku ule. Wanawake wengi waliopata degedege hawakumbuki. Anakumbuka kichwa kikiuma, halafu anakumbuka kuamka na kidonda tumboni na kuambiwa ana mtoto wa kiume. Katikati hapo hana kitu. Siku ambayo amekuwa mama, siku kubwa kuliko zote, hana hata picha moja ya kwake. Wewe unazo zote. Mwambie jirani alivyotoa gari bila kuuliza, ulivyombeba, alivyouma ulimi, daktari kijana, fomu. Na ile sala mwambie pia. Najua utaogopa kwamba atakuona baba mbaya. Mimi nadhani atasikia kwanza kwamba kuna mtu aliyeomba kwa machozi abaki hai. Akilia mwache alie. Ukilia wewe, heri zaidi.

Mama yako akiwa bado hapo, tafuteni saa akiwa sokoni. Mambo haya ni ya wawili.

Nije sasa kwa huyo wa redioni, maana najua hauko peke yako uliyesikia habari hizo na ukavunjika moyo. Hayakuzuka hewani. Katika miaka ya 1970, madaktari wawili wa watoto huko Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, walisema kwamba saa za mwanzo baada ya kuzaliwa ni kipindi maalumu ambapo mama na mtoto hushikamana, na kitabu chao cha mwaka 1976 kikasambaa duniani. Nawaheshimu sana wazee hao. Kabla yao ilikuwa kawaida hospitali nyingi kumchukua mtoto na kumfungia nasari huku mzazi akitazama kwa mbali, na kazi yao ilisaidia kufungua milango hiyo. Lakini watu walilichukua neno lao wakalifanya sheria, kana kwamba mlango hufungwa saa ya kwanza ikiisha. Wengine walipochunguza kwa makini hawakuukuta ushahidi wa mlango kama huo, na hata wenyewe baadaye walilegeza msimamo, wakisema binadamu ana njia nyingi za kumpenda mtoto wake.

Kwa akina baba hasa, Greenberg na Morris waliwachunguza mwaka 1974 wanaume wa London waliopata mtoto wa kwanza. Wengine walikuwa wameshuhudia uzazi, wengine walionyeshwa mtoto na wauguzi baadaye. Wote walivutwa na watoto wao. Waliokuwepo walijiamini zaidi tu kwamba wangemtambua wa kwao kati ya wengine, jambo ambalo wewe uliyesimama nyuma ya kioo utalielewa bila kueleziwa. Na mwaka 1985 Rob Palkovitz alipitia tafiti zote za wakati huo kuhusu baba kuwepo wakati wa kujifungua, akaona kwamba kuwepo peke yake hakujathibitika kumfanya baba awe karibu zaidi na mtoto.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni wa kwanza kutaka baba aingie leba, mama akimtaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama anayejifungua awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye, kwa sababu mama mwenye mtu wake hujifungua vizuri zaidi. Hiyo ni faida ya mama kwanza. Baba aliyeikosa saa ile amekosa jambo zuri, kama mtu aliyekosa harusi ya rafiki. Urafiki wenyewe hajaukosa.

Na kuhusu hicho kioo cha nasari, hapo nakasirika kwa niaba yako. Mwaka 1978 kule Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na upungufu wa mashine za kuwapasha joto watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, akaanza kuwaweka kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakifungwa kwa kitambaa. Watoto wakaishi. Ndio utunzaji tunaouita wa kangaruu, na leo una wodi zake katika hospitali zetu nyingi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa namna ya mwanao aanze kuwekwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Mama aliyetoka kupasuliwa hawezi saa zote hizo peke yake. Kifua cha baba kina joto lile lile. Walipokuzuia mlangoni walimpunguzia mtoto joto, mama walimnyima usingizi, na wewe walikunyima kitu ambacho kingekufaa sana wakati ule. Haikuwa haki, na wasimamizi wa hospitali wanaosoma hapa nawaomba waitazame upya sheria hiyo ya kioo.

Nilimwona mvuvi mmoja wa Dunga zamani, mwanamume mpana, mtoto wake njiti akionekana mdogo sana mikononi mwake. Mkewe alikuwa na homa kali, hakuna ndugu wa kike aliyefika, tukamwambia avue shati. Alikaa kama amewekewa yai bichi kifuani, hapumui, mabega yamepanda hadi masikioni. Tulimfunga mtoto kwa leso, tukamfunika kofia, tukaendelea na kazi. Niliporudi mabega yalikuwa yameshuka. Alikuwa anamwambia mtoto kwa Kijaluo bei ya omena asubuhi ile, kwa sauti ya chini kabisa, akisimama kila mara kana kwamba anangoja jibu. Sikumsikia akitaja upendo. Kesho yake alifika kabla ya saa ya kuona wagonjwa na alikuwa ameshanawa mikono.

Hapo ndipo upendo wa baba unapotoka, mwanangu, kwenye kazi ya mikono. Ukienda kwa Waaka, watu wa misitu ya Afrika ya Kati, mtaalamu Barry Hewlett alikaa nao akahesabu na kukuta kwamba akina baba wako karibu na watoto wao wachanga, umbali wa kunyoosha mkono, karibu nusu ya siku nzima, asilimia 47. Hao ni wawindaji, wanaume wa nyavu. Kwa hiyo mtu asikwambie Mwafrika hashiki mtoto mchanga. Na mwili wenyewe hufuata mikono. Huko Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walifuatiliwa miaka kadhaa, na matokeo yakatolewa mwaka 2011: waliopata watoto homoni yao ya kiume ilishuka, na iliyoshuka zaidi ni ya wale waliokuwa wakimhudumia mtoto saa tatu au zaidi kwa siku. Wasiomshika haikushuka kama yao. Wenzako wa Molo wasicheke, maana utafiti huo huo ulionyesha kwamba waliokuwa na homoni nyingi ujanani ndio waliokuwa wepesi kupata mke na mtoto. Mwili wa mwanamume mzima unajua kuwinda, tena unajua kulea. Unangoja tu uupe mtoto mikononi.

Kuna jambo jingine hukuambiwa na linakuumiza bure. Mtoto njiti huhesabiwa umri mara mbili. Wako ana miezi mitatu kwa kalenda, lakini alikuja wiki saba kabla ya siku yake. Ukitoa hizo wiki saba, kwa ukuaji wa ubongo ni kama mtoto wa wiki sita hivi. Mtoto huanza kumtabasamia mtu, tabasamu la kumjibu, kati ya wiki ya sita na ya nane. Maana yake miezi hii yote ulipokuwa ukimtazama na kuona hakutazami, hakuwa anakukataa, alikuwa hajafika. Anafika sasa. Usiwe Kibuye wiki hizi.

Anza na kazi moja iwe yako peke yako. Mimi ningechagua kuoga jioni. Maji yapime kwa kiwiko, yawe ya vuguvugu. Mkono wako wa kushoto upitishe nyuma ya shingo yake, kichwa kilale juu ya kifundo cha mkono wako, vidole vishike kwapa la upande wa pili. Ukimshika hivyo hawezi kuteleza, na mikono ya kushika usukani, namheshimu mama yako, inafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu haitetemeki. Uso wako usogeze, sentimita 20 hadi 30, kwa sababu mtoto mchanga anaona vizuri karibu tu, umbali wa titi hadi uso wa mama. Mweleze unachofanya. Ukikosa la kusema mwambie bei ya viazi. Ukimaliza, vua shati, mlaze kifuani, mfunike kwa leso, ukae nusu saa simu ikiwa mbali. Picha ya usiku ule ikija, usimweke chini haraka. Mtazame kifua kinavyopanda na kushuka, utazame na mama yake alivyo mzima pale jikoni, uiache picha ipite. Siku za kwanza utakuwa unatekeleza kazi tu na moyo uko kimya. Haidhuru. Mtoto hajui tofauti, anajua mikono hii inarudi kila jioni, na moyo utakuja nyuma ya mikono.

Jina lake mwite pale pale kwenye beseni. Usingoje mpaka ujisikie unastahili.

Mama yako mwambie kwa adabu kwamba jioni ni zamu yako. Amekuja kwa upendo, na baba zetu wengi walilelewa hivyo, lakini akiona unaweza atakuachia. Kuhusu tajiri wako, kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili mkewe akijifungua. Hukuitaja kwenye barua, nahisi hukuichukua. Sasa imepita muda, lakini zungumza naye akupe safari za mchana kwa muda, na madereva wenzako walio na wake wajawazito waambie waiombe mapema.

La mwisho ni la mkeo, na ni la haraka. Aliyepata kifafa cha mimba presha yake iendelee kupimwa, kwa sababu anaweza kubaki nayo, na yuko katika hatari kubwa zaidi ya presha na magonjwa ya moyo miaka ijayo. Mimba nyingine nayo inaweza kuja na shida hiyo hiyo, kwa hiyo mpange uzazi kwanza, na siku mkitaka mwingine aanze kliniki mapema kabisa aseme lililompata, kuna dawa kama asipirini kidogo na vidonge vya kalsiamu ambavyo daktari huanzisha mapema kupunguza hatari. Kichwa kuuma kusikoisha, vimulimuli, maumivu juu ya tumbo na uvimbe wa ghafla usoni au mikononi, hizo ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Mkifika kliniki usibaki kwenye gari. Ingia naye, umbebe mtoto wewe, na muuguzi akiuliza ilikuwaje, mjibu wewe, maana mkeo hawezi kusema alishikwa mara ngapi na kwa muda gani. Mkienda na kijitabu cha mama na mtoto, omba waandike humo.

Shangazi